Boga na Macho ya Mtoto Wako

Ndugu msomaji, mtazame mtoto wako jua linapozama. Wenzake bado wanacheza uwanjani. Je, yeye anacheza nao? Au ameacha mchezo na kukaa karibu na mama yake, na akiinuka anajikwaa kwenye kinu? Mchana anaona vizuri. Giza likianza kuingia, anapapasa. Mtoto huyo si mzembe, wala hakurogwa. Macho yake yanakosa chakula.

Chakula hicho ni vitamini A. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Utando huo hutumia vitamini A ili mtu aweze kuona penye mwanga hafifu. Vitamini A ikipungua mwilini, kuona usiku ndiko kunakopotea kwanza. Mtoto asiposaidiwa, jicho hukauka. Weupe wa jicho hupoteza mng'aro, na pengine hutokea doa jeupe kama povu. Mwishowe ngozi angavu iliyo mbele ya mboni hulainika na kutoboka. Likishatoboka, jicho hilo haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa.

Mtoto akipata surua, au akiharisha kwa siku nyingi, hatari huja upesi zaidi. Kwa hiyo ukiona dalili hata moja kati ya hizi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya gulio. Usimtie jichoni maji ya majani wala dawa ya kubahatisha.

Hiyo ni tiba. Kinga je? Kinga moja inatambaa shambani kwako, katikati ya mahindi.

Boga lipi?

Maboga hayafanani. Lipo ambalo ukilikata, nyama yake ni nyeupe au njano iliyopauka. Lipo lingine ambalo nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea. Rangi hiyo ndiyo tunayoitafuta. Ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kitu hicho kinavyokuwa kingi. Ndivyo ilivyo pia kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti na papai lililoiva. Ugali wa mahindi meupe na wa muhogo mweupe hushibisha na kutia nguvu, lakini hauna vitamini A.

Watu wengine hulidharau boga. Husema ni chakula cha njaa, au ni chakula cha watoto na wazee wasio na meno. Mgeni akija, boga hufichwa jikoni. Tena mara nyingi maboga makubwa, mekundu, yaliyokomaa vizuri hupelekwa barabarani kuuzwa, na nyumbani hubaki yale yaliyopauka. Kuuza si vibaya. Fedha ya chumvi na daftari lazima ipatikane. Lakini, baba na mama, kabla ya kupakia gunia, tengeni kwanza maboga ya watoto.

Namna ya kulipika

Osha boga kabla ya kulikata. Likate vipande vikubwa, toa mbegu uziweke kando, usizitupe. Usilimenye. Panga vipande katika sufuria au chungu, ganda likiwa chini. Tia maji kidogo tu. Funika vizuri, hata kwa jani la mgomba kama huna kifuniko. Boga huiva kwa mvuke. Likilainika hata kijiko kinazama, epua. Ukitia maji mengi kisha ukayamwaga, unamwaga utamu pamoja na sehemu ya virutubisho.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Ile vitamini A ya boga haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mtoto akila boga tupu la kuchemsha kila siku, sehemu kubwa ya faida hupita tu tumboni. Si lazima mafuta yawe mengi. Kijiko kimoja cha chai katika sahani ya mtoto kinatosha. Watu wa Pwani hupika boga kwa tui la nazi, hasa wakati wa futari, na wanafanya vema. Bara tunazo karanga. Zitwange, uzikoroge na maji kidogo, uzimimine juu ya boga, kisha uache sufuria ichemke tena. Wenzetu wa Kigoma wana mawese mekundu, na hayo yenyewe yamejaa vitamini A.

Huna nazi, wala karanga, wala fedha ya mafuta? Rudi kwenye zile mbegu ulizoziweka kando. Zina mafuta mengi, na zina protini ya kujenga mwili. Zikaushe, zikaange, zimenye, uzitwange mpaka ziwe unga laini. Changanya unga huo na boga, au utie kwenye mboga. Mtoto mdogo usimpe mbegu nzima, zinaweza kumkaba.

Mtoto wa miezi sita

Mpaka afike miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo anyonye, na chakula kiongezwe. Kwangua nyama ya boga lililoiva, liponde kwa mwiko mpaka lisiwe na mabonge. Litie ndani ya uji, pamoja na unga wa karanga, uchemshe vizuri. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko, usiwe kama maji. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, ongeza siku hadi siku. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Pika kiasi cha mlo huo. Uji wa boga uliolala huchacha, na mtoto akiharisha utakuwa umempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Pamoja na chakula hiki, mpeleke kliniki apate matone ya vitamini A. Hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi sita hadi wanapokaribia miaka mitano. Boga halichukui nafasi ya matone wala ya chanjo ya surua.

Majani nayo

Majani ya maboga, ambayo wengine huyaita msusa, yana vitamini A pia, ingawa rangi ya kijani huifunika ile ya chungwa. Chuma machanga. Menya nyuzi, osha, ndipo ukate. Ukikata kwanza kisha ukaosha, unapoteza. Yapike kwa muda mfupi na karanga au mafuta. Magadi hulainisha majani, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Afadhali kuchuma majani machanga yasiyohitaji magadi. Ukitaka kuyakausha kwa ajili ya kiangazi, yaanike kivulini penye upepo. Jua kali huiua vitamini A.

Kuhifadhi

Wazee watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokusanyika kusikiliza redio na kujadili lishe. Mazungumzo ya akiba ya chakula hayajazeeka. Vuna boga likishakomaa, wakati ukucha haupenyi ganda. Acha kikonyo chenye urefu wa vidole vinne. Boga lililong'oka kikonyo huoza kuanzia hapo. Liweke juu ya uchaga, mahali pakavu penye hewa, na maboga yasigusane. Lisilo na jeraha hukaa miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Likishakatwa, lipikwe siku hiyo au kesho yake.

Madukani mjini huenda ukakuta boga la kopo kutoka ng'ambo. Si baya, limekwisha kupikwa na kupondwa. Lakini kopo lililovimba usilifungue, litupe. Na wewe mwenye boga shambani, sioni sababu ya kulinunua.

Boga likiwa chungu ukilionja, liteme, usiwape watoto wala usitunze mbegu zake. Mbegu za msimu ujao zichague kutoka boga tamu lenye rangi iliyokolea kuliko yote. Zioshe, zikaushe kivulini, uzifunge katika kitambaa, uzitundike mbali na panya.