Telefone Inakataa Karte? Usibonyeze Mbio

Labda jambo hili limekwisha kukupata. Asubuhi unafungua telefone kusudi uangalie foto za jana, na foto hakuna. Pahali pake unaona maneno machache ya Kifaransa yanayosema kwamba karte imeharibika, na chini yake pa kubonyeza: «Formater». Telefone inauliza kwa upole, sawa vile mtu anayetaka kukusaidia. Wewe unabonyeza. Kisha dakika moja karte inafunguka vizuri, safi, tena tupu.

Mimi nilibonyeza. Mwaka 2019 marehemu baba yangu alikuja kukaa kwetu Likasi miezi mitatu, na kila jioni nilikuwa ninachukua sauti yake akieleza namna alivyotoka kijijini na kuingia kazi ya migodi. Nilichunga yote ndani ya karte. Siku ile ilipokataa, sikuuliza mtu. Tena nikaongeza kosa la pili, baya kupita la kwanza: juma lile lile nilijaza karte ile ile na video za kwaya. Nitaeleza mbele ubaya wake ulikuwa nini.

Ndiyo sababu, wakati mama mmoja mjane alipofika mlangoni kwetu na telefone mkononi, nilimwambia hata kabla hajakaa: «Mama, usibonyeze kitu.» Bwana yake alikuwa anatumika kwenye karieri upande wa Kolwezi. Alikufa, na foto zake karibu zote zilikuwa ndani ya ile karte.

«Pasta, kijana wa ku kioski anasema tuformate tu, itapona,» alisema. «Lakini paka humu njo muko sura ya baba ya batoto.»

Simlaumu yule kijana. Watu wanamletea telefone iliyokwama, wanataka itembee, na ukiformate kweli inatembea. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani muko marehemu.

Sasa tuangalie hii karte yenyewe. Ni kadogo sana: milimetre 15 kwa 11, na unene milimetre 1. Ilitoka mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na mwaka 2005 ikapewa jina la microSD tunalosoma juu yake hata leo. Nyuma ina vibati vinane vya rangi ya zahabu, na kwa njia ya vibati hivyo telefone inaongea nayo. Ndani yake ufikiri magazini ya kompani. Kuna karani mlangoni na buku lake, ambamo imeandikwa kila kitu kiko kwenye rafu gani. Nyuma ya karani kuna rafu zenyewe. Mara nyingi telefone ikisema karte imeharibika, vitu viko bado kwenye rafu. Ni buku la karani limepasuka, ama mlango tu umejaa vumbi.

Ukiformate, karani anapewa buku jipya lisiloandikwa kitu. Mara nyingi vitu vya zamani havitoki kwanza, lakini kwa karani rafu zote ni tupu. Kila foto mpya unayopiga anaiweka popote, hata juu ya ile ya zamani. Hivi ndivyo kwaya ilivyoifunika sauti ya baba yangu. Kama ningaliiacha karte bila kuongeza kitu, labda ningaliipata.

Basi, ikikupata, anza na mlango. Zima telefone kabisa, toa karte, uiangalie kwenye mwangaza. Sisi wa kwetu tunajua vumbi ya kiangazi namna inavyoingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Itashindwa je kuingia ndani ya telefone inayotembea mfukoni mwa mtu wa karieri? Pangusa vile vibati na kitambaa laini kikavu. Kama kuna doa jeusi lisilotoka, chukua gome laini ya mwanafunzi, ile ya kufutia kalamu ya risasi, pitisha polepole mara mbili tatu, kisha pangusa vipande vyake. Usipulize kwa kinywa, maana mate yanaingia. Usitie maji wala petroli. Halafu rudisha karte vizuri. Telefone nyingi za sasa zina kisahani kimoja cha SIM na karte pamoja, na karte ikikaa upande kidogo tu, haisomwi. Nimekwisha kuona watu wanaotupa karte nzima kwa sababu hiyo tu.

Kama bado inakataa, tafuta telefone ya jirani, na karte ya jirani pia. Tia karte yako ndani ya telefone yake. Ikisoma, ujue mgonjwa ni telefone yako. Nakili foto saa ile ile, usingoje kesho. Kisha tia karte yake ndani ya telefone yako. Kama nayo haisomwi, umepata hakikisho. Lakini hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ukubwa: karte zinazopita giga 32 ni za aina inayoitwa SDXC, iliyotoka mwaka 2009, na telefone ya zamani inayojua SDHC tu inaweza kusema karte yako ya giga 64 imeharibika, kumbe nzima. Wa pili ni mbaya zaidi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, telefone zingine zinakuuliza kama unataka karte iunganishwe na memwari ya telefone yenyewe. Ukikubali, karte inafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unabaki ndani ya telefone ile moja tu. Telefone ingine haitasoma kitu. Itasema tu iformatiwe. Karte ya namna hiyo irudishe kwa telefone yake. Na kama telefone ile imekufa kabisa ama imefutwa, vilivyo ndani ya karte vimekwenda pamoja nayo.

Popote utakapojaribu, utaulizwa swali lile lile, na kila mara jibu ni hapana.

Ya yule mama tulipangusa, ikakataa. Tukaitia ndani ya telefone yangu, ikakataa. Ya jirani, vilevile. Mama akaanza kukunja kitambaa chake kichwani, sawa vile mtu anayetaka kwenda. Nilimwomba angoje mpaka posho.

Siku ile tulikwenda kwa kijana mmoja anayefundisha ordinatere. Yeye alitia karte ndani ya kile kifaa kidogo kinachoitwa lekteri. Ordinatere nayo iliuliza kuformate, akakataa. Jambo lililonipendeza ni kwamba hakuigusa karte yenyewe. Kwanza alichukua nakala ya karte nzima, rafu kwa rafu, akaiweka ndani ya ordinatere, na kazi yote akaifanya juu ya nakala. Alisema karte iliyochoka inaweza kufa kabisa wakati unaichokoza. Kisha akafungua programu inayoitwa PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier. Haiuzwi, ni ya bure. Programu hii haiulizi karani. Inatembea yenyewe kwenye rafu zote na kutambua foto kwa alama za mwanzo wake, hata kama jina lake limepotea.

Tulikaa tangu saa tatu mpaka mchana. Karte ilikuwa ya giga 16. Zilitoka foto 214, bila majina wala tarehe, zimechanganyika: harusi, mbuzi, karatasi ya hospitali, watoto wakiwa wachafu, na baba yao. Zingine zilitoka nusu, juu sura, chini rangi ya kijivu tupu. Mama alizitazama bila kusema. Kwa moja tu aliweka kidole: «Hii njo ya siku alipata botte mupya.»

Foto zote ziliwekwa ndani ya ordinatere, kisha ndani ya karte mpya. Kuzirudisha juu ya karte ile ile ya zamani kungefunika zile ambazo hazijatoka. Nawe ukimpa fundi kazi hii, kaa karibu naye mpaka mwisho, maana foto za jamaa si za kila mtu.

Siwezi kukudanganya kwamba inawezekana kila mara. Kama ordinatere haioni hata kwamba umetia kitu, ama karte inapata moto ukiishika, programu haitasaidia. Kuna maabara zenye vyombo vya kazi hiyo, lakini bei yake ni ya kompani, si ya mtu wa mshahara. Na usimruhusu mtu aifungue kwa wembe.

Karte inaharibika kwa nini? Mara nyingi tunaichomoa wakati telefone bado inaandika. Ukitaka kuitoa, ingia kwanza kwa «Stockage», bonyeza «Éjecter», ama uzime telefone. Tena karte inazeeka, maana kila pahali pa kuandikia pana idadi ya mara ambazo panaweza kuandikwa. Dalili moja ya uzee ni hii: unafuta foto, kesho imerudi, unaongeza mpya, kesho haiko. Karte imejifunga, inakuachia kusoma tu. Toa vyote siku ile.

Halafu kuna za uongo, hizo za giga 512 zinazouzwa sokoni kwa bei ya soksi. Ndani ni ndogo, pengine giga 8, lakini imefundishwa kumdanganya karani. Mwanzoni inatembea vizuri. Ikijaa ukubwa wake wa kweli, foto mpya zinaonekana majina tu na hazifunguki. Kwenye Windows kuna programu ya bure H2testw inayojaza karte nzima na kuisoma tena. Uongo unatoka palepale.

Foto zikiisha kuokolewa, kuformate si dhambi tena. Ifanye ndani ya telefone itakayotumia karte, si ndani ya ingine. Kisha tia foto chache ambazo una nakala zake, zima telefone, iwashe tena kesho yake. Kama ziko zote na zinafunguka, karte inaweza kuendelea na kazi. Kama telefone inalalamika tena juma lile, nunua ingine, na ile ya zamani usimpe mtu.