Sutama, Tifasi na Malaria: Istilahi na Uelezaji wa Ugonjwa katika Ngazi ya Molekuli

Mwaka 1997 tifasi ya chawa ilienea katika kambi za watu waliokimbia makwao kwenye nyanda za juu za Burundi, eneo ilipo Gitega. Wenyeji waliuita ugonjwa huo sutama, kutokana na kitenzi cha Kirundi chenye maana ya kuchutama, kwa kuwa maumivu ya misuli yaliwakunja wagonjwa. Jina hilo lataja dalili. Makala haya yanadai kwamba sera ya afya yahitaji pia istilahi inayotaja njia ya kimelea.

Kisababishi cha tifasi hiyo ni bakteria Rickettsia prowazekii, atokaye katika kinyesi cha chawa wa mwili na kuingia mtu anapojikuna. Humezwa na seli zilizotanda ndani ya mishipa midogo ya damu, kisha vimeng'enya vyake huyeyusha utando wa kifuko kilichomfunga. Akishakuwa huru ndani ya seli, protini ya utando wake huingiza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kutoa ADP iliyokwisha kutumika. Hivyo huzaliana kwa nguvu za mwenyeji wake hadi seli ipasuke. Mishipa huvuja, ndipo hutokea vipele na maumivu makali.

Huko Muyinga, kaskazini-mashariki, homa huhusishwa zaidi na malaria, ambayo serikali ilitangaza kuwa mlipuko mwezi Machi 2017. Kimelea Plasmodium falciparum hudhuru mishipa midogo kwa njia nyingine. Hupachika protini iitwayo PfEMP1 juu ya chembe nyekundu ya damu, nayo chembe hunata ukutani mwa mshipa na kuzuia damu kupita. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za protini hiyo. Kinga ikiitambua moja, nyingine hushika zamu.

Kwa hiyo neno homa pekee halitoshi. Tifasi hutibiwa kwa doksisaiklini, malaria kwa dawa mseto zenye artemisinini. Tena, tifasi ikichanganywa na taifodi, yaani homa ya matumbo, tangazo litahimiza kuchemsha maji ya kunywa, ilhali zinazopaswa kuchemshwa ni nguo zenye chawa.

Inapendekezwa matangazo yatumie sutama sambamba na tifasi ya chawa: jina la kwanza mwananchi analitambua, la pili linamwelekeza kwenye nguo zake.