Amana ya Meno ya Utotoni

Aghalabu mzazi anapoliona gego la mwanawe wa miaka mitano limetoboka, hujiliwaza kwa kusema kuwa hilo ni jino la utotoni tu, litang'oka na kurushwa juu ya paa kama yalivyorushwa ya kwetu, na jingine lililo imara litaota mahali pake. Na kauli hii, ijapokuwa nusu yake ni kweli, imewapotosha watu wengi, kwani meno 20 ya utotoni hayakuumbwa kwa ajili ya kutafuna peke yake, bali kila moja limekabidhiwa amana ya kumshikia mrithi wake mahali mpaka wakati wake uwadie.

Mtoto atimizapo miaka sita au karibu na hapo, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma ya magego yote ya utotoni, pasipo kung'oka jino lolote, hata wazazi wengi hulidhani kuwa nalo ni la utotoni. Gego hili hupenda kusogea mbele likipata upenyo. Ikiwa lile la utotoni lililo mbele yake limeng'olewa mapema kwa sababu ya kuoza, hulinyemelea pengo taratibu na kulikalia, na jino lililokusudiwa kutoka hapo baina ya miaka 10 na 12 likaja kukuta njia imefungwa, likabaki ndani ya taya au likatokea ubavuni na kupandana na wenzake. Dawa yake ni nyepesi ikiwahiwa: daktari wa meno hulivika jino la jirani pete ya chuma yenye kitanzi cha waya kinachoegemea jino la ng'ambo ya pengo, na nafasi ikabaki na upana wake hadi mwenyewe atokee.

Yako madhara makubwa zaidi, nami siyataji bila ya uchungu. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, ufizi wake hukaguliwa, na ule uvimbe mweupe wa chonge ambalo halijatoka bado hudaiwa kuwa ni "jino la plastiki" au "jino la nailoni" liletalo maradhi, likachokolewa kwa chombo kisicho safi. Kitolewacho, cheupe na laini, ni jino changa la mtoto mwenyewe. Homa ile ilikuwa na sababu nyingine, ilhali kidonda huweza kumuua kwa kutokwa na damu au kwa kuingia vijidudu. Na akinusurika, chonge la ukubwani lililokuwa likijijenga jirani na jeraha huenda likatoka na umbo lililoharibika, au lisitoke abadani.

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe afikapo miaka 7, wala hilo halimaanishi kuwa kila mtoto avishwe waya. Wewe mwenyewe, hapo nyumbani, mpeleke mwanao dirishani penye nuru, mwambie aume kwa magego, kisha umwinue mdomo kwa kidole. Meno ya juu yakiwa yanaingia ndani ya yale ya chini, kaakaa huenda ni jembamba, na utoto ndio wakati wake wa kupanuliwa, madhali mifupa yake miwili haijashikamana barabara. Daktari wa meno Emerson Angell wa San Francisco aliyaeleza haya mwaka 1860, baada ya kulipanua taya la binti wa miaka 14 kwa parafujo. Meno ya mbele yaliyochomoza mno nayo yaonwe mapema, kwani mtoto akianguka ndiyo yanayovunjika kwanza.

Ama mwanya wa meno ya mbele katika umri wa miaka minane, huo usimtie mtu hofu, kwa kuwa mara nyingi huziba wenyewe machonge ya juu yatokapo, kwenye miaka 11 au 12. Na usipoziba, basi na ubaki, maana watu wa pwani yetu tangu zamani wameuhesabu mwanya kuwa ni uzuri.