CHIMANGO, NDEGE ASIYECHAGUA CHAKULA

Katika nyanda za Argentina, mkulima aanzapo kulima shamba lake kwa plau, mara huona ndege wa rangi ya hudhurungi wakishuka nyuma yake. Hutembea juu ya mabonge ya udongo, wakidonoa minyoo na mabuu yaliyofukuliwa. Ndege hao huitwa chimango, na watu wa Chile huwaita tiuque. Mkulima awaonapo wakila wadudu waharibuo mazao yake, hufurahi. Lakini jioni akikuta kwamba kifaranga mmoja amenyakuliwa uani, hutamani kuwaua wote. Je, ndege huyu ni rafiki au ni adui?

Namna alivyo

Chimango si ndege mkubwa. Urefu wake, tangu mdomo hata ncha ya mkia, ni kiasi cha inchi 16, na uzani wake haufiki ratili moja. Yeye ni wa ukoo mmoja na kozi, lakini hana mbio za kozi wala nguvu za makucha yake. Kozi humpiga ndege mwenziwe angani kwa ghafula. Chimango hupendelea kutua chini na kutembea kama kuku, akitazama huku na huku.

Hupatikana katika nchi za Argentina, Chile, Uruguay na Paraguay, na kusini mwa Brazil, hata kufika Tierra del Fuego, kwenye ncha ya bara lile, ambako baridi ni kali sana. Kiota chake hukijenga juu ya mti, au katika matete, na pengine chini kabisa penye nyasi. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili au matatu. Mahali penye chakula tele, jozi nyingi hujenga karibu karibu, na adui akitokea huinuka pamoja na kumfukuza kwa makelele.

Chakula chake

Ni vigumu kutaja kitu ambacho chimango hakili. Hula panzi, minyoo, vyura, panya, samaki, mayai na makinda ya ndege wengine, mizoga, na takataka za mijini. Charles Darwin, yule mtaalamu Mwingereza aliyezuru nchi hizo kati ya miaka ya 1832 na 1835, aliandika kwamba ndege huyu hula hata mkate. Tena aliambiwa kwamba katika kisiwa cha Chiloé hufukua viazi vilivyopandwa karibuni.

Darwin aliona pia kwamba penye mzoga, chimango ndiye wa mwisho kuondoka. Sababu yake ni dhahiri. Ndege wakubwa huja wakala kwanza, na mdogo hana budi kungoja. Wakubwa wakiisha kushiba, yeye huingia katikati ya mbavu na kudonoa vipande vilivyobaki. Hivyo huishi kwa makombo ya wenye nguvu, na chakula cha namna moja kikiisha, hutafuta cha namna nyingine.

Akili ya kujifunza

Wataalamu wa Argentina walimjaribu chimango kwa sanduku lipenyalo nuru, lenye nyama ndani yake. Ndege aliweza kuiona nyama, lakini hakuweza kuipata mpaka afungue sanduku. Walioachwa kwanza wamtazame mwenzao akifungua walifaulu vizuri kuliko wale ambao hawakuonyeshwa. Basi ndege huyu hujifunza kwa kumtazama mwenziwe. Ndiyo maana nyanda zilipogeuzwa kuwa mashamba, na miji ilipokua, yeye hakupungukiwa. Alijifunza kufuata plau, na alijifunza njia ya kwenda jaani.

Hasara yake na dawa yake

Lakini yafaa kusema kweli yote. Mahali ambapo chimango ni wengi mno, ndege wadogo wasio na ulinzi huumia, kwa kuwa mayai na makinda yao huliwa. Katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho mbali sana katika Bahari ya Pasifiki, hakuwako zamani. Watu ndio waliompeleka, naye amekaa huko hata leo.

Mfugaji mwenye hasira hudhani kwamba dawa ya ndege kama huyu ni sumu. Haifai kabisa. Katika mwezi wa Januari, mwaka wa 2018, kondori 34 walikutwa wamekufa katika jimbo la Mendoza, Argentina, kwa sababu ya mzoga uliotiwa sumu. Kondori ni ndege mkubwa wa milimani alaye mizoga, naye hutaga yai moja tu, tena si kila mwaka. Waliokufa siku ile hawatarudishwa upesi. Lakini chimango akipungua leo, mwakani atataga tena mawili au matatu, na jirani zake watakuja kushika nafasi iliyo wazi. Kwa hiyo sumu huwaangamiza wale walio haba, na aliye tele hubaki. Chimango hachagui chakula, na sumu nayo haichagui wa kumwua.

Njia iliyo bora ni ile isiyo na gharama kubwa: kuwafungia vifaranga mpaka wakue, kuufukia mzoga upesi, na kutotupa takataka ovyo. Ndege huyu hufuata kile ambacho mwanadamu amekiacha wazi. Kikiondolewa, hana sababu ya kukaa uani, naye atarudi shambani kula mabuu, kazi ambayo ina faida kwa mkulima.

Watu wa Argentina wana msemo wa tangu zamani, kwamba mtu asipoteze baruti yake kwa chimango. Maana yake ni kwamba jambo dogo halistahili gharama kubwa. Waliousema kwanza walimdharau ndege huyu, kwa kuwa nyama yake haina thamani. Hata hivyo shauri lao ni jema hata leo: baruti na iwekwe, na mlango wa banda la kuku ufungwe.