Usione Vyaelea: Benzi la Marehemu na Haki ya Mnunuzi

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo ilitujia hivi karibuni tulipokuwa tumeketi katika gereji moja ya Chang'ombe, wilayani Temeke, tukilitazama gari la zamani lililoegeshwa chini ya mwembe. Lilikuwa Mercedes-Benz 240D la rangi ya maziwa, mojawapo ya magari ambayo mafundi huyajua kwa namba ya ukoo wao, W123. Aliyelimiliki kwa zaidi ya miaka ishirini ametangulia mbele ya haki. Wanawe wawili walikuwa wamelileta wakiwa na ombi moja: lipakwe rangi, lipate kuuzwa.

Fundi alilala chini ya gari kwa kitambo, kisha akatuita tuone. Bisibisi yake ilikuwa imepenya sakafu karibu na miguu ya dereva kama inavyopenya papai bivu. Kutu ilikuwa imekula bati, na juu yake mtu fulani, siku zilizopita, alikandika puti na kupaka rangi nyeusi. "Naweza kufunika tena, wanangu," fundi aliwaambia, "na mnunuzi asijue. Lakini mimi sitaki kuifanya kazi hiyo."

Ili msomaji aufahamu uzito wa maneno hayo, hatuna budi kueleza gari hilo limeundwaje.

Kampuni ya Daimler-Benz ya Ujerumani ilianza kutoa magari ya W123 mwaka 1976, na utengenezaji wake ulipokoma miaka kumi baadaye, yalikuwa yametoka karibu milioni 2.7. Injini ya 240D ina silinda nne, ujazo wa lita 2.4, na hutumia dizeli. Haihitaji cheche ya umeme kuwasha mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo ikawaka yenyewe. Nguvu zake si nyingi, kwani iliundwa ili idumu. Ndiyo maana madereva wa teksi, kuanzia Ujerumani kwenyewe hadi Morocco, waliipenda mno.

Kwa kuwa hakuna cheche ya kukatwa, injini hii huzimwa kwa mvuto wa hewa utokao katika pampu iliyofungwa mbele yake. Ufunguo unapogeuzwa, mvuto huo hukata mafuta. Pampu hiyohiyo humpunguzia dereva uzito wa kukanyaga breki. Kwa hiyo gari la namna hii linapokataa kuzimika, wapita njia hucheka, bali fundi mzoefu huikagua pampu na mipira yake upesi, asije dereva akakuta breki zimekuwa nzito siku ya haja.

Lakini hazina kubwa ya gari hili imo katika bodi. Zamani iliaminika kwamba gari salama ni lile gumu kila mahali. Mhandisi Béla Barényi, aliyezaliwa Austria mwaka 1907 na kuitumikia Daimler-Benz miaka mingi, alifikiri vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisajili hataza ya gari ambalo mbele na nyuma yake hujikunja katika ajali na kuumeza mshindo, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Magari ya kampuni hiyo yaliyofuata msingi huo yalianza kuuzwa mwaka 1959, na W123 ni wajukuu wake. Sisi wa Pwani tunaujua mfano huo: nazi ikianguka kutoka mnazini, makumbi hupokea kishindo, na kifuu kikabaki kizima.

Sasa turudi kwenye bisibisi ya fundi. Sakafu ile ndiyo sehemu ya kifuu. Ikioza, hata nyota iliyosimama juu ya boneti haimwokoi mtu.

Nyota hiyo ina historia yake katika nchi zetu. Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki walibuni neno "wabenzi" kuwaita wakubwa waliojitenga na umma kwa utajiri wao. Mwezi Februari 1967 Azimio la Arusha likawazuia viongozi wa Tanzania kumiliki nyumba za kupangisha au kupokea mishahara miwili. Marehemu wetu hakuwa katika kundi hilo. Wanawe walisema alilinunua likiwa limeshatumika, akawapeleka nalo madrasa, na usiku wa manane akawabeba majirani kuwakimbiza hospitali.

Yule mkubwa alikuwa na hoja. Marehemu aliacha deni, na mdogo wao wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, anadaiwa ada ya shule. Mnunuzi alikwisha kupatikana, kijana wa Mbagala aliyetaka gari la kubebea maharusi. Akielezwa habari ya kutu, bei ingeshuka sana.

Fundi aliwaomba wampigie simu mama yao, aliyekuwa bado katika eda. Alisikiliza, akauliza, "Huyo kijana atabeba maharusi wa watu?" Wakamjibu ndiyo. "Basi mwambieni kila kitu. Sitaki thumni yangu itoke humo."

Alisema thumni kwa sababu ndiyo fungu la mjane mume anapoacha watoto. Gari la marehemu ni mali ya warithi wote, baada ya madeni na wasia kutolewa. Mkubwa hawezi kuliuza kwa niaba ya yatima kisha akamlisha fedha ya udanganyifu. Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyofichwa. Lakini kasoro inayogunduliwa katika ajali haina wa kuirudisha.

Kwa familia zinazokusudia kununua gari kuukuu, fundi alitupa mambo matatu. Tembeza sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi, kwani hushika bati na haishiki puti. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa, kisha iwashe huku umeikanyaga. Pedeli ikishuka kidogo, msaada wa breki unafanya kazi. Mwisho, vuta kila mkanda wa kiti kwa ghafla uone kama unakaza.

Tulipoondoka, yule kijana wa Mbagala alikuwa amefika na kuoneshwa tundu. Aliinama akalitazama kwa muda mrefu, akaomba bei mpya, na hesabu ikaanza upya, pamoja na gharama ya kukata sakafu ile na kuchomelea bati jipya. Warithi walipata pungufu ya walichotarajia. Tunamwomba Mola amrehemu marehemu, na akitie baraka walichokipata.