Kuupima Usharika: Madaftari Tusiyoyasoma (2)

Wiki iliyopita tuliona namna mpango mkakati wa usharika unavyoandikwa siku hizi: jedwali la safu nne, nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo, na katika safu ya nguvu hutangulia jengo, kisha kiwanja chenye hati, kwaya na makusanyo ya sadaka. Leo nataka kuihoji safu hiyo ya kwanza. Ninavyoona mimi, nguvu ya usharika ni watu watakaoendelea kuifanya kazi yake siku ambayo kile unachokiegemea kitaondolewa. Ushahidi wa kuwapo kwao, au wa kutokuwapo, umelala kwenye kabati la ofisi ya usharika, nasi tunalifungua pale tu mtu anapodai cheti cha ubatizo.

Kilimanjaro ilikwisha kupimwa kwa kipimo hicho. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofika huko mwaka 1893 waliondolewa na Waingereza mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wachungaji wenyeji hawakuwapo bado. Wa kwanza waliwekewa mikono katika miaka ya 1930. Ni kweli kwamba Walutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lile. Aliyekuwa na jedwali la safu nne mkononi angetabiri msiba, na kwa hesabu ya vitu vinavyoonekana asingelaumiwa. Sharika hazikufa. Walimu wa shule za misheni na wazee wa kanisa waliendelea kufundisha watoto, kuongoza ibada, kuzika wafu na kusuluhisha wagombanao. Vita Kuu ya Pili ilipozuka Wajerumani, waliokuwa wamerudi, wakaondolewa tena, na kazi ikaendelea tena. Makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) yalikuwa yamejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna hiyo, ambao wengi wao hawakuwahi kupanda madhabahuni wakiwa wamevaa joho.

Sasa tazama taarifa ya mwaka inayosomwa leo mbele ya mkutano mkuu wa usharika. Mnada wa mazao baada ya ibada umeandikwa kwa mstari mmoja: jumla ya shilingi. Waliokuwapo wanajua kwamba mkungu mmoja wa ndizi huuzwa hata mara tatu, kwa kuwa kila anayeununua anaurudisha uuzwe tena, na kwamba kuku na mayai yameletwa na kina mama wale wale wa kila Jumapili. Jumla ya fedha haisemi ni nani aliyeleta. Kama walioleta ni wajane watano wenye umri wa miaka 70, basi mapato mazuri ya mnada yanaficha udhaifu, tena mkubwa, na taarifa imeuandika kama nguvu.

Daftari la kipaimara lina maneno mengi zaidi. Lichukueni la miaka mitano iliyopita, mkae na wazee wa mitaa, msome jina moja moja na kuuliza: huyu yuko wapi, na anashiriki Meza ya Bwana? Mtaa ambao mzee wake anajibu bila kubabaika una nguvu, hata kama wanasalia chini ya mwembe. Mtaa ambao majina yanasomwa na watu wanatazamana, hapo ndipo kipaumbele kilipo. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa wameuona ukweli huu walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika miaka ya 1970: muumini hujulikana vizuri mahali ambapo akikosekana anaulizwa.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu waumini ni dhambi ya Daudi. Lakini kitabu cha Hesabu kimepata jina lake kutokana na sensa iliyoagizwa na Mungu mwenyewe, na mchungaji wa kondoo mia asingejua kwamba mmoja amepotea kama hakuhesabu. Wengine watasema vijana hawapotei, wanahamia mijini, na usharika wa kijijini una kosa gani? Pingamizi hili ni zito. Mwaka 1967 walioishi mjini hawakufika hata mmoja kati ya Watanzania kumi. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya theluthi moja wako huko. Hata hivyo kuhama hakuelezi kwa nini kijana anaondoka bila barua ya kumtambulisha kwa usharika wa aendako, wala kwa nini usharika wa mjini unampokea kama mgeni kwa miaka. Na serikali haitatusaidia, maana tangu sensa ya 1967 haijauliza tena dini ya mtu.

Lililobaki ni la fedha: bila sadaka hakuna mshahara wa mchungaji wala mchango wa dayosisi. Sibishi. Nabishania utaratibu. Barua kwa yale makanisa saba ya Asia, katika Ufunuo, zilimwita maskini wa Smirna tajiri na tajiri wa Laodikia maskini, na hakuna hata barua moja inayotaja jengo la usharika. Kwa hiyo uzio na vigae vinaweza kusubiri mwaka mmoja, ilhali mwinjilisti wa mtaa ambaye hajalipwa posho hawezi. Halmashauri ya usharika itakapokutana kupanga bajeti ya mwaka ujao, isome kwanza daftari la kipaimara, ndipo imwite mtunza hazina.

Wiki ijayo: posho ya mwinjilisti itoke wapi?