Toluini: Mali Inayotorokea Dohani

Viwanda vikubwa vya Ulaya vinavyochapa majarida na katalogi kwa silinda za kuchongwa hutumia wino wenye toluini. Karatasi ikikaushwa, toluini hugeuka mvuke. Ukiachwa utoke kwa dohani, mwenye kiwanda hupata hasara mbili: anachafua hewa, na anatupa mali aliyoinunua.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999, ambalo masharti yake yaliingizwa katika agizo jipya la 2010, liliwabana wachapaji hao wanaotumia zaidi ya tani 25 za viyeyusho kwa mwaka. Hewa inayotoka isizidi miligramu 75 za kaboni kwa kila mita ya ujazo. Swali lililobaki ni la hesabu: mvuke uchomwe, au urudishwe kazini?

Kwa toluini, kurudisha kunalipa. Feni huvuta hewa ya vikaushio na kuipitisha katika matangi ya mkaa ulioamilishwa, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe au hata vifuu vya nazi. Vitundu vya gramu moja tu ya mkaa huo vina eneo linalozidi mita za mraba 500, na humo toluini hunasa. Tangi likishiba, hewa huhamishiwa tangi jingine, na lile la kwanza hupulizwa mvuke wa maji. Mchanganyiko ukipozwa, toluini huelea juu ya maji, hutenganishwa na kurudi kwenye wino.

Si kila kiwanda kina bahati hiyo. Asetoni na spiriti huchanganyika na maji. Kuzitenganisha hudai kuchemsha tena, na nishati ni gharama. Isitoshe, baadhi ya ketoni huweza kuupasha mkaa moto hadi ukawaka. Penye viyeyusho vya kila aina kwa kiasi kidogo, wengi huchagua kuchoma kwa nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi, na joto lake hutumika kiwandani.

Kabla ya kuagiza mtambo, basi, mnunuzi apime mambo manne: aina za viyeyusho, tani zinazopotea, bei ya kiyeyusho kipya na gharama ya mvuke. Bei ya toluini huyumba pamoja na ya mafuta ghafi. Ikishuka, akiba hupungua. Kikomo cha sheria hakilegei.